Maneno Aliyoambiwa Ng'ombe

Mvua ya Julai haikumwonea mtu huruma. Shitaye aliteleza kwenye mteremko wa nyuma ya nyumba, akauangukia mkono wake wa kulia, na akiwa bado amelala matopeni, kabla hajajua kama umevunjika ama umeteguka tu, aliona jani. Lilikuwa jani la mgomba wa enset, lile changa la katikati, ambalo hupaswa kusimama kama mkuki. Lilikuwa limelegea na kugeuka njano. Alijiburuta mpaka pale, akachomoa kisu kwa mkono wa kushoto na kulichanja shina. Ute wa rangi ya maziwa yaliyoharibika ukatoka taratibu.

"Ee Mungu," alisema, "si mwaka huu."

Mgomba wa enset hauliwi tunda. Huliwa shina lake na kisiki chake, na hauwi tayari mpaka mtoto aliyezaliwa siku ulipopandwa aanze shule. Ndiyo maana katika nchi ya Wagurage mtu huulizwa ana safu ngapi za enset nyuma ya nyumba kabla hajaulizwa ana watoto wangapi. Safu za Shitaye zilipandwa na mumewe Zergaw, mwaka baada ya mwaka, kila aliporudi kutoka Addis kwa sikukuu. Na sasa mnyauko umeingia.

Mganga wa mifupa alimfunga mkono kwa vibanzi vya mwanzi, akamwambia asiutumie mpaka sikukuu ya Msalaba, mwisho wa mvua. Jirani yake, Zenebech, alikuja kumpa pole, lakini alisimama nje ya ua.

"Nisamehe, shoga," alisema. "Pole nimeileta, ila miguu yangu siiingizi humo. Ugonjwa huu unasafiri kwa kisu, unasafiri kwa tope la nyayo."

"Sikukuomba uingie."

"Hujaniomba kwa mdomo. Macho yako yananiomba tangu nimefika."

Shitaye alicheka ingawa mkono ulimuuma. Ilikuwa kweli. Miaka yote wanawake wa mtaa ule walikwanguliana enset kwa zamu, leo kwako kesho kwangu, kwa nyimbo na kahawa. Mwaka huu hakuna ambaye angeleta kisu chake katika shamba linaloumwa, na Shitaye hakumlaumu hata mmoja. Yeye mwenyewe asingekwenda kwa mwenzake.

"Migomba ya upande wa juu bado mizima," Zenebech alisema. "Ing'olewe sasa, ikwanguliwe, ifukiwe shimoni kabla mnyauko haujaifikia. Ukingoja mkono upone, mwakani mtakula nini? Ukuta?"

"Nitaikwangua kwa meno."

"Ah, Meseret angekuwepo."

"Meseret hayupo."

Meseret alikuwa binti yake mkubwa. Alikuwa Beirut, anasafisha nyumba ya watu.

Shitaye hakuwa na maneno mengi ya sala. Alikuwa na tabia ya kumweleza Mungu habari jinsi zilivyo, kama mpangaji anavyomwambia mwenye nyumba kwamba paa linavuja. Jioni ile, ugali wa shayiri ukiwa bado jikoni, aligeukia upande wa mashariki akasema: "Bwana, mkono umevunjika. Shamba linaumwa. Mume wangu yuko Addis, binti yangu yuko kwa watu, mama mkwe hawezi tena kuinama. Aliyebaki ni Bedilu. Wewe ndiye uliyenibakizia yeye, kwa hiyo usinishangae kwa nitakalofanya."

---

Bedilu alikuwa na miaka kumi na mitano. Aliposikia anachoombwa, alicheka kwanza. Halafu akaona mama yake hacheki.

"Mama, mimi ni mwanamume."

"Nimekuzaa, najua."

"Mwanamume hakwangui enset."

Hapo alisema kweli tupu. Mwanamume hupanda, huhamisha miche, na siku ikifika huung'oa mgomba na kuulaza chini. Kisha hutoka. Kuanzia hapo ni kazi ya wanawake, na akilazimika kupita karibu hukohoa kwanza ili wamfukuze kwa matusi yao. Wazee walisema kwamba anayegusa ubao wa kukwangulia, ng'ombe wake watakauka maziwa, na hakuna msichana atakayekubali kuwasha moto nyumbani kwake.

"Baba akijua?"

"Baba yako nitamwambia mimi."

"Lini?"

Shitaye alikaza kamba ya vibanzi vyake. Bedilu alichukua kijiti akaanza kukivunjavunja.

"Baba anasema baada ya sikukuu nakwenda naye Addis, dukani kwa baba mdogo Damtew, nijifunze kupima vitambaa. Mwalimu anasema vitambaa vitauzwa kwa simu, nijifunze kompyuta. Bibi anasema nijifunze kuchinja na kugawa nyama kama babu, mengine yatapita. Na wewe unanipa ubao wa wanawake. Sasa mimi nitakuwa nini?"

"Sijui," Shitaye alisema.

Mtoto alimtazama. Hakuzoea mtu mzima aseme hivyo.

"Sijui, mwanangu. Dada yako nilimfundisha kila nilichokijua. Kukwangua, kukanda, kusuka mkeka, kukaa na wakwe. Tulimfundisha kila kitu isipokuwa nchi aliyokwenda. Unakumbuka alivyolia kwenye simu mwezi wa kwanza? Hakujua hata jiko lao linawashwaje. Yule mama wa nyumba akamwita mjinga mbele ya wageni."

"Nakumbuka."

"Halafu akaacha kulia. Nikamwuliza, nani amekusaidia? Akasema, mtoto wa nyumba ile. Wa miaka sita. 'Nilimeza aibu, mama, nikamwomba mtoto anifundishe.'" Shitaye aliunyanyua mkono wake uliofungwa, akauweka tena mapajani. "Mimi sijui dunia itakudai nini. Najua tumbo litakudai nini mwakani. Njoo ukae."

---

Mama mkwe, Bibi Ayelech, alikuwa na la kusema, akalisema mara moja tu.

"Sijaona na sitaona," alisema. "Mume wangu alizikwa akiwa hajui ubao huo una rangi gani. Mnachokifanya, kifanyeni, lakini msiniite shahidi."

Akakigeuza kigoda chake, akaipa mgongo bustani na kuelekea ndani, kwenye zizi la pembeni ambako ng'ombe wao pekee, Lemlem, alishinda kwa sababu ya mvua. Kati ya kigoda na mahali pa kukwangulia palikuwa na ukuta wa fito tu. Bibi hakuona kitu. Kusikia ni jambo lingine.

Bedilu alikaa juu ya jani kubwa la enset. Ubao uliegemezwa kwenye shina, na ganda la mgomba likalazwa juu yake. Ili kulibana ganda, mkwanguaji huinua mguu mmoja na kulikandamiza kwa kisigino, kisha mikono miwili huvuta kipande cha mwanzi kutoka juu kwenda chini. Ni mkao wa mwanamke, na Bedilu aliinua mguu wake kama mtu anayevuliwa nguo hadharani. Alivuta mwanzi kwa hasira. Nyuzi zikakatika, utomvu ukamrukia usoni. Kabla ya mchana mikono ilimwasha hadi viwikoni.

Shitaye alimwelekeza kwa maneno, lakini maneno hayakutosha. Mikono ilijua mambo ambayo mdomo haujawahi kuyasema, na mkono mwenyewe ulikuwa umefungwa. "Siyo hivyo," alisema. "Hapana, siyo hivyo. Vile, kama… basi, vile."

"Vile vipi, mama?"

Ndipo sauti ikatoka nyuma ya ukuta.

"Lemlem," Bibi Ayelech alimwambia ng'ombe, "kuna watu wanadhani enset inachunwa kama ngozi ya adui. Haichunwi. Mwanzi unalazwa, hausimamishwi."

Ng'ombe aliendelea kucheua. Bedilu aliulaza mwanzi. Rojo jeupe likateremka taratibu, na nyuzi zikabaki nzima, ndefu kama nywele za mzungu.

"Asante, Bibi."

"Sisemi na wewe. Nasema na ng'ombe."

"Basi mwambie ng'ombe asante."

"Amesikia."

Ikawa hivyo mvua zote. Kila asubuhi kigoda kiligeuzwa, na kila asubuhi ng'ombe yule alipewa elimu ambayo hakuna ng'ombe aliyewahi kuipata. Alifundishwa kukamua rojo bila kulikausha. Alifundishwa kwamba kisiki hutwangwa kikiwa bado na baridi ya ardhi, na kwamba chachu ya shimo la zamani huchanganywa kwa kiganja na si kwa kijiko. Bedilu alifika mahali akawa anauliza. "Lemlem," angesema, "jani la kutandika shimoni upande unaong'aa unatazama juu au chini?" Na ukuta ungejibu.

Shimo la kwanza liliharibika. Bedilu aliweka mawe juu vizuri, lakini hakukunja majani ya pembeni, na maji ya mvua yakaingia. Bibi ndiye aliyelinusa kwanza. "Lemlem, shimo linalia," alisema, na walipolifungua, harufu iliwarudisha nyuma. Bedilu aliketi pembeni ya kazi yake iliyooza, akajifuta macho kwa kiwiko kwa sababu vidole vilikuwa vimejaa utomvu. Mama yake hakumbembeleza wala hakumkaripia. Alimpa jembe wakalifukia.

Jambo lililomchoma zaidi mtoto halikuwa shimo. Ili wapita njia wasimtambue, alijifunika shali kuukuu ya Meseret kichwani na mabegani. Siku moja Zenebech alipita nje ya ua, akaona mgongo umeinama na shali anayoijua, akasimama.

"Meseret? Wewe mtoto, umerudi lini bila kutuambia?"

Mgongo haukugeuka. Mwanzi ulisimama katikati ya ganda.

"Meseret, hata salamu? Beirut ndiko mnakofundishwa hivyo?"

Shitaye alitoka jikoni mbio, amechelewa. Zenebech alikuwa amekwisha kuona kile kisigino kikubwa chenye kovu la mpira wa miguu. Wanawake wawili wakatazamana juu ya ua kwa muda.

"Nimekosea," Zenebech alisema mwishowe, kwa sauti ya kupaza, kama anayemwambia mtaa mzima. "Nilidhani ni mtu ninayemjua." Akaenda zake. Kesho yake kwenye ua palikutwa kifurushi cha siagi ya kupaka mikono inayopasuka.

Zergaw alipiga simu katikati ya Agosti. Alikuwa amekwisha kusikia habari za mkono na za mnyauko.

"Nani anakukwangulia?"

Shitaye aliangalia ua, akaona kifurushi kile tupu. "Majirani wananisaidia," alisema. Usiku alipomweleza Mungu habari za siku, hiyo aliisema mwisho, kwa haraka.

---

Kwa sikukuu ya Msalaba, Mgurage aliye mbali hurudi, hata kama itabidi akope viatu. Zergaw alifika siku ya mkesha pamoja na Damtew, binamu yake, mwenye duka la vitambaa ambako Zergaw alikuwa amefanya kazi tangu kabla Meseret hajazaliwa. Damtew alishuka na miwani ya jua. Zergaw alishuka na mfuko mkubwa mgongoni.

Shitaye alipokea mizigo, na mikono yake ilisoma kabla ya macho. Siagi ilikuwa kidogo kuliko mwaka jana. Shali mpya haikuwepo. Lakini mfuko ulikuwa mzito, na alipouweka pembeni ya kitanda aliona pindo la blanketi la kijivu likichungulia. Aliliangalia, akalirudisha ndani, akaenda kukata mkate.

Mchana wa mkesha huliwa mboga za majani na jibini, kwa mkate wa kocho, yaani enset iliyochachuka shimoni na kuokwa katika majani. Nyama husubiri kesho. Bibi Ayelech aliketi mahali pake pa heshima. Damtew alimega, akatafuna, akamega tena.

"Shemeji," alisema, "mvua hii yote, na kocho haina hata uchungu. Huko Addis tunauziwa sponji. Zergaw, umeoa."

"Nimeoa," Zergaw alisema, akamega kipande cha pili kikubwa zaidi.

Walipomaliza, kijana wa nyumba hupita na jagi na beseni kuwanawisha wageni. Bedilu alianza na Damtew. Maji yalimiminika, na Damtew akiwa anasugua vidole macho yake yalitua kwenye mikono iliyoshika jagi. Kucha zilikuwa na weusi usiotoka. Viganja vilikuwa vimepasuka mistari mistari, na mistari ile imejaa rangi ya kahawia.

"Hebu, kijana." Alikishika kiganja kimoja akakigeuza kwenye mwanga. "Mikono hii naijua mimi. Mama yangu alizikwa nayo."

Damtew alimtazama Shitaye na kifundo cha mkono wake kilichokuwa bado kimepinda, akarudi kwa mtoto. Kisha akacheka.

"Zergaw, ndugu yangu, ulitwambia una binti mmoja. Huyu wa pili umemficha wa nini? Mtangaze, watu walete mahari."

Zergaw hakucheka. Uso wake ulikuwa kama mlango uliofungwa na upepo. "Nawisha watu," alimwambia mwanawe.

Bedilu aliendelea. Kulikuwa na wazee wawili wa ukoo na kijana wao mmoja, na kila mmoja aliponawa alipata nafasi ya kuitazama ile mikono kwa karibu. Hakuharakisha wala hakumwaga. Alipomaliza kwa bibi yake, aliweka jagi chini kwa uangalifu na kutoka nje.

---

"Uliniambia majirani," Zergaw alisema.

Walikuwa nyuma ya nyumba, kwenye ua wa bustani. Jua lilikuwa linashuka, na upande wa barabarani watoto walikuwa wanapanga rundo la kuni za moto wa Msalaba.

"Nilikudanganya."

"Mtoto wangu wa kiume, Shitaye."

"Mtoto wako wa kiume amekulisha. Ulimega mara ya pili kabla hujajua, tena kipande kikubwa."

"Usinichezee maneno. Kesho mtaa mzima utamwita bibi arusi. Na kule Addis, Damtew atamsimulia kila mteja anayeingia. Dukani watamwitaje?"

"Duka gani, baba Meseret?"

Zergaw aligeukia upande wa barabarani.

"Nakuuliza kwa heshima," Shitaye alisema. "Mtu atakayerudi Addis haji na blanketi lake la kulalia."

Zergaw aliushika ua kwa mikono miwili. Ilikuwa mikono laini, mikono ya mtu wa vitambaa, na wakati wa uchumba wao Shitaye aliipenda kwa sababu hiyo.

"Barabara mpya imepita pale," alisema mwishowe. "Walibomoa mtaa wote kabla ya Pasaka. Damtew sasa anauza kwa simu, amelala kitandani, picha kwa picha. Anasaidiwa na mtoto wa dada yake, binti mdogo tu, vidole vyake vinaruka kama panzi. Mimi nilijaribu. Simu ile iliniuliza mambo nisiyoyajua, nikaona aibu kumwuliza yule mtoto, nikajifanya naielewa. Nimeshinda nikibeba magunia. Damtew anacheka sana siku hizi. Asipocheka, watu watamwuliza duka liko wapi."

"Kumbe."

"Nikigusa kitambaa gizani nakuambia kimefumwa wapi na kimepunguzwa uzi mara ngapi. Nilitaka kumpa mwanangu hicho. Sasa nani ataniuliza?" Akaviangalia viganja vyake. "Nimekuja mikono mitupu nikakuta amekwisha kupewa. Na aliyempa ni wewe. Na alichopewa ni ubao."

Shitaye alitamani kumshika bega. Alijua pia kwamba kama angemshika, mazungumzo yangeishia hapo, na shamba lingebaki pale pale.

"Safu ya tatu imeanza kunyauka," alisema. "Jana nimeona. Baada ya nyama ya kesho inabidi ing'olewe yote iliyobaki, tuwahi. Mkono wangu hauna nguvu bado. Kama hutaki Bedilu akwangue, sawa, wewe ni baba yake. Lakini niambie nani."

Kabla hajajibu, wakaitwa. Moto ulikuwa tayari.

Desturi ya mtaa ule ni kwamba baba wa nyumba haweki mwenge kwenye kuni kabla ya kusema, mbele ya watu wake, kwamba nyumba yake imetulia. Mwenye ugomvi husuluhishwa hapo hapo. Moto wa Msalaba hauwashwi juu ya kinyongo. Ni maneno mawili tu, na kila mwaka Zergaw aliyasema haraka, akiwazia nyama. Sasa alisimama na mwenge, na moto ukammulika uso, na hakusema. Wazee wakatazamana. Bedilu alikuwa amesimama upande wa giza, mikono nyuma.

"Nyumba yangu…" Zergaw alisema, akaacha. Akaanza tena. "Nyumba yangu haijatulia. Lakini hakuna anayeondoka."

Mzee mmoja alikunja uso. Maneno yale hayakuwa ya desturi. Shitaye aliinamisha kichwa. Alikuwa anaomba, bila sauti, na sala yenyewe ilikuwa fupi: Pokea hayo hayo.

"Washa," Bibi Ayelech alisema. "Yanatosha. Mimi nimeishi humo nyumbani miaka yote, na haikuwahi kutulia hata siku moja."

Watu wakacheka, na moto ukashika.

---

Siku ya pili baada ya nyama, Damtew alikuwa amekwisha kuondoka na miwani yake. Mvua zilikuwa zimekwisha, kwa hiyo Lemlem alifungwa nje, nyuma ya nyumba, kwenye majani mabichi. Zergaw aliamka mapema akang'oa migomba iliyobaki, mmoja mmoja, kazi ya mwanamume, akailaza pembeni ya mbao. Kisha akatoka nje ya ua kama inavyopasa.

Bedilu aliketi na kuinua mguu. Hakujifunika shali. Mama yake alikuwa anakata majani kwa mkono wa kushoto na kusaidia kwa wa kulia. Bibi Ayelech alikigeuza kigoda kuelekea kwa ng'ombe. Kazi ilikuwa inakwenda polepole kwa sababu ya visu. Bwana shamba alikuwa amesema kila kisu kikitoka kwenye mgomba mmoja kipitishwe motoni kabla hakijagusa mwingine, na mvua zote Bedilu alikuwa anainuka kila mara, anakwenda jikoni na kurudi.

Mtu akakohoa nje ya ua.

Kwa kawaida hapo ndipo matusi huanza, na Shitaye alifungua mdomo, akakuta hana hata tusi moja. Mkohoaji hakwenda. Harufu ya moshi ikaja, kisha sauti ya kuni kavu zikishika.

"Lemlem," Bibi Ayelech alisema, "kuna mwanamume kwenye ua. Mwambie ama apite ama aende zake."

"Mwambie ng'ombe sijavuka," Zergaw alijibu. "Niko upande wangu."

"Ng'ombe anauliza unataka nini."

Halafu, katika upenyo wa fito, mkono ukaingia, mkono laini uliochubuka kwa magunia. Kiganja kilikuwa wazi.

"Visu," Zergaw alisema. "Kijinga cha moto wa Msalaba nimekihifadhi. Mnipe visu."

Bedilu alimtazama mama yake. Shitaye alikuwa ameinamia majani yake na hakuinua uso. Mtoto aliweka kisu kwenye kiganja kile. Kikavutwa nje, kikapitishwa motoni, kikarudishwa, mpini mbele. Cha pili kikaenda, kikarudi. Kazi ikapata mwendo. Wapita njia wawili walimwona Zergaw amechuchumaa nyuma ya bustani ya wanawake na moto wake; mmoja akamwuliza anachoma nini, akasema anachoma ugonjwa. Wakacheka, wakapita. Alifumba macho kidogo, akaendelea.

Jua lilipopanda, mwanzi wa Bedilu ulikuwa umeshika mwendo wake, mrefu na wa kulala, na rojo lilikuwa likiteremka bila kukatika. Zergaw alikuwa na muda wa kutazama kati ya kisu na kisu. Alitazama muda mrefu. Mara mbili alikohoa bila sababu.

"Bedilu," alisema mwishowe, kwa sauti ya chini, ya mtu anayeuliza njia katika mji asioujua. "Kwa nini mwanzi unaulaza?"

Mwanzi ulisimama. Bedilu alitazama mgongo wa bibi yake, ambao haukusogea. Halafu akaigeuza shingo yake, taratibu, kuelekea kwa ng'ombe.

"Lemlem," alisema, "kuna watu wanadhani enset inachunwa."

Upande wa pili wa ua, Zergaw alisogeza sikio lake kwenye fito, asikie vizuri jinsi ng'ombe anavyofundishwa.